Kadii na Akili za Kenya

Watu wa Gongoni wanaijua chumvi, na kwa chumvi wanamjua Kadii. Cheo hana huko madimbwini, wala hajawahi kukitaka. Anajulikana kwa kicheko chake, maana akicheka upande huu wa dimbwi, walio upande wa pili huulizana kumetokea nini. Ni mwanamke mfupi, mabega mapana, na kila asubuhi huteremka kutoka kijijini kwao na mabuti yake ya mpira mkononi, kwa kuwa hataki yaishe njiani. Huyavaa akifika. Mumewe, Mwaringa, humwambia kwamba mabuti hayo yanatunzwa kuliko yeye, naye humjibu kwamba mabuti hayajawahi kumrudia nyumbani yakiyumbayumba. Mwaringa ni mgema, na mgema asiyeonja tembo lake bado hajazaliwa upande ule.

Kazi ya chumvi, ukiitazama ukiwa barabarani, utaiona ya kijinga. Maji ya bahari huingizwa madimbwini, jua likayala, chumvi ikabaki chini imeganda. Kisha wanawake huingia na vibao vyao vyenye mipini mirefu, wakasimama mstari mmoja, wakaikwangua na kuisukuma mpaka ikawa tuta. Basi. Anayeona kwamba hapo hakuna akili na aje ajaribu siku moja, halafu atuambie kiuno chake kimelala wapi.

Akili ya kazi ile imo katika mstari. Hakuna anayetangulia na hakuna anayeachwa. Nyapara akija kutazama huukuta mstari umenyooka, wote wamefika pahala pamoja, naye huandika kwamba kazi ya siku ni hii. Mtu mmoja akimaliza mapema, nyapara haoni kwamba mtu huyo ana nguvu. Anaona kwamba kazi ni ndogo, na kesho yake anaiongeza kwa wote, wazee kwa vijana, wenye mimba na wenye homa. Jambo hili halikuandikwa popote na hakuna aliyelifundishwa kwa mkutano. Kadii alifundishwa na Bi Hindu.

Bi Hindu ni mtu wa Mambrui, mjane, mwembamba kama ufito, na buibui lake hulifunga kiunoni akiingia dimbwini. Siku ya kwanza Kadii alipoajiriwa alikuwa kijana, na mikono yake ilitaka kukimbia. Bi Hindu akamsogelea bila kuinua kichwa.

"Polepole, mwanangu," alimwambia. "Mkono huo hapa si wako peke yako."

Tangu hapo wakawa wakisimama bega kwa bega. Kadii alipokuwa na mimba ya Easter, mtoto wake wa pekee, miguu ikamvimba, na mstari mzima ukapunguza mwendo, yeye asijue mpaka alipokwisha kujifungua. Miaka ikaenda. Sasa Bi Hindu ndiye mzee, na mstari unakwenda kwa mwendo wake. Nyapara hajui. Yeye anadhani wanawake wote wa Gongoni wamezeeka kwa pamoja.

Palikuwa na binti mmoja, Linet, aliyetoka Matsangoni na nguvu zake zote za ujana. Aliambiwa, akacheka. Akatangulia siku ya kwanza, akatangulia na ya pili, na ya tatu kazi ya kila mtu ikaongezwa. Hakuna aliyemtukana. Watu waliacha tu kumpa nafasi kwenye kivuli wakati wa chai, na mazungumzo yakawa yanakatika akisogea. Mwishowe alihamia Malindi kufanya kazi nyingine. Kadii alimwonea huruma, ila na yeye hakumpa nafasi kivulini.

Kusoma Kadii hakusoma. Hilo halimtoi machozi, basi na msomaji asijitie kumlilia. Alikuwa msichana mkubwa katika nyumba ya watoto wengi, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka wadogo zake shuleni na kuwarudisha. Alifika kwenye lango la shule kila siku kwa miaka, na hakuingia hata siku moja. Akiyaeleza hayo hucheka mwenyewe, akasema yeye ndiye mwanafunzi aliyehudhuria kuliko wote.

Basi lilipofunguliwa darasa la ngumbaru katika ukumbi wa kanisa, saa za alasiri baada ya kazi, Kadii alikuwa wa kwanza kufika. Alimchukua na Bi Hindu, ambaye aliuliza mara mbili kama kuna ubaya kusomea kanisani, akajibiwa kwamba abjadi haina dini. Wakafuatwa na mstari karibu wote. Mwalimu alikuwa kijana aitwaye Nicholas, mpole, shingo ndefu. Kila alasiri akiingia aliwapa shikamoo mmoja mmoja kwa kuwa ni mama zake, wakaitikia marahaba. Halafu alipofika mbele ya ubao, wale mama waliinuka wote kwa kuwa yeye ni mwalimu wao. Ilichukua muda kabla ya somo kuanza.

Wiki ile ya mwanzo akaja msichana wa bara, Moraa, pamoja na boksi la vijitabu. Alitumwa na watu wa utafiti. Walitaka kujua, alisema, kama masomo ya ukubwani yanaongeza kitu katika namna mtu anavyofikiri, kwa hiyo wangewapima kabla hawajasoma na kuwapima tena mwaka ukizunguka. Vijitabu vyenyewe havikuwa na maneno. Kila ukurasa ulikuwa na michoro iliyopangwa, mmoja umeachwa wazi, na chini yake michoro mingine midogo ya kuchagua ni upi unaofaa kuziba pengo. Kurasa za mwanzo zilikuwa rahisi, za mbele zikazidi ugumu.

"Hii si mtihani wa kufeli ama kupita," Moraa aliwaambia. "Kila mtu aende mpaka pale atashindwa. Majibu yenu yatasaidia kuelewa watu wa nchi nzima."

Wakaanza. Sasa, wanawake wa chumvi hawahitaji kutazamana ili kwenda pamoja. Mtu aliyekwangua chumvi miaka mingi husikia kwa mgongo. Ukurasa wa Bi Hindu ulipogeuzwa, zote zikageuzwa. Bi Hindu aliposita, ukumbi mzima ulisita. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Ni mikono tu iliyozoea. Penseli ya Bi Hindu ilipolala mezani, katikati ya kijitabu, penseli zote zikalala. Kadii alikuwa amekwisha kuuona ukurasa uliofuata kwa pembe ya jicho, na jibu lake alilijua. Akafunga kijitabu. Moraa alizikusanya karatasi akizitazama kwa mshangao, maana wote walikuwa wamefika ukurasa mmoja.

Mwaka ukazunguka, na ulikuwa mwaka mzuri. Kadii alijua kusoma. Akipanda bodaboda alisoma kwa sauti kila jina la duka lililoandikwa ukutani, hata mwenye pikipiki akamwomba apumzike. Alisoma magunia, alisoma mafungu ya Biblia, alisoma ujumbe wa Easter kwenye simu bila kumtafuta mtoto wa jirani. Bi Hindu naye alikuwa akijikongoja. Herufi alizijua, lakini alisema karatasi humchosha. Akisomewa kitu alikishika mara moja na kukirudia neno kwa neno. Akipewa akisome mwenyewe, alikigeuzageuza kama mtu anayetafuta mlango.

Alasiri moja Nicholas akaingia darasani na simu mkononi, uso umemwiva. Alikuwa amesoma mtandaoni makala ya mtu aliyepanga nchi za dunia kwa wastani wa akili, iliyo juu mpaka iliyo chini, na kila nchi imewekewa nambari yake. Akawasomea ya Kenya. Nambari hiyo haitatajwa hapa. Kwanza hatujui ilipatikana vipi, na pili mtu anayeweza kuitia nchi nzima katika nambari moja, kuanzia mkwezi wa Kaloleni mpaka daktari wa Nairobi, anaweza pia kutuambia wastani wa ladha ya samaki wote wa baharini. Ila Nicholas aliitaja, na ilikuwa ya chini.

"Wastani ndio nini, mwalimu?" aliuliza Kadii.

"Unachukua alama za waliopimwa, unazijumlisha, kisha unazigawa kwa idadi yao. Unapata alama moja ya wote."

"Yaani mstari," alisema Kadii.

"Mstari upi, mama?"

"Wote wanakuwa pahala pamoja."

"Naam, ukipenda hivyo. Lakini ngojeni, makala yenyewe ina maelezo huku chini. Inasema alama hizi hupanda nchi ikisomesha watu wake. Hata hao walio juu leo, babu zao wangepimwa, wangekutwa chini…"

Hakuna aliyemsikiliza tena. Kila mmoja alikuwa akikumbuka neno moja la Moraa, nchi nzima, na penseli zilizolala katikati ya kijitabu. Hatimaye Bi Hindu ndiye aliyelisema.

"Kwani, mwalimu, ni nani mwingine aliyepimwa Kenya hii, ghairi ya sisi?"

Nicholas akaitazama tena simu yake. Hakujua. Aliwaambia kwamba hakika haiwezi kuwa ni wao tu, lakini aliyasema kwa sauti ya mtu anayejiuliza, na kwa darasa lile hiyo ilitosha. Kumbe wao ndio walioishusha Kenya.

Wengine walilisahau jambo lile walipofika nyumbani. Kadii halikumtoka. Alilala nalo na kuamka nalo. Alikuwa na wajukuu wawili shuleni Matsangoni kwa Easter, na kila akiwafikiria aliona nambari ile imewakalia vichwani kwa sababu bibi yao aliona jibu akafunga kijitabu. Jumapili, wakila wali kwa mbaazi, akamweleza Mwaringa. Mwaringa alicheka mpaka akapaliwa.

"Kwa hiyo rais akiulizwa huko ng'ambo, atasema ni Kadii wa Gongoni?"

"Cheka tu. Ungekuwa wewe umepimwa, nambari ingekuwa ya kulewa."

"Sasa si wanakuja tena? Safari hii panda mpaka juu. Wewe una akili, mke wangu, hilo nalijua tangu siku uliyonikataa mara ya kwanza."

"Usinisifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Mgema ni mimi."

"Na maji unatia," alisema Kadii, wakacheka wote wawili.

Lakini alipokuwa akiosha sahani, kicheko kilimwisha. Kupanda mpaka juu kulikuwa rahisi kusema. Kupanda ni kutangulia, na kutangulia ni kumwacha Bi Hindu nyuma mbele ya macho ya watu. Alimkumbuka Linet amekaa juani na kikombe chake cha chai. Kukosa kivuli angevumilia. Alichoogopa ni Bi Hindu kugeuza uso. Mtu aliyemfundisha kazi, aliyempunguzia mwendo wa mstari mzima alipokuwa hajiwezi, leo amwonyeshe kwamba alikuwa akimngoja? Akiwa dimbwini siku zilizofuata alitaka kumwambia mapema, akashindwa. Kila alipofungua mdomo alizungumzia jua.

Moraa akarudi na boksi lake. Mara hii aliwakalisha mbalimbali, kila mtu na meza yake, pembe hii na pembe hii. Bi Hindu aliwekwa mbele karibu na dirisha, Kadii nyuma kabisa.

"Tafadhali, mama zangu," alisema Moraa, "kila mtu aende na mwendo yake. Hakuna mtu wa kungoja mwingine."

Vijitabu vikafunguliwa. Kadii alizipita kurasa za mwanzo pamoja na wenzake, akiusikia ukurasa wa Bi Hindu kule dirishani ukigeuka, na nyingine zote zikifuata, pamoja na kutengwa kwao. Akafika kwenye ukurasa alioufungia bila kuujibu mwaka uliopita. Jibu lilikuwa pale pale lilipokuwa. Alilitia alama, akashika pembe ya karatasi, akangoja Bi Hindu ageuze. Bi Hindu hakugeuza. Kadii akawaona wajukuu zake na ile nambari yao, akageuza.

Ukurasa ule mmoja ulilia ukumbi mzima. Akageuza wa pili, na wa tatu, na baada ya hapo jambo likamtokea ambalo hakulitarajia: aliwasahau. Alimsahau Bi Hindu, akamsahau Nicholas mlangoni, akaisahau hata Kenya. Michoro ilikuwa ikimjia na yeye akiijia, mmoja ukageuka hivi, mwingine ukajikunja vile, na kila alipolipata jibu alisikia kitu kimekaa mahali pake. Alifurahi kwa furaha aliyoiacha utotoni. Tangu ujana wake hakuwahi kujua mkono wake unaweza kukimbia kiasi gani, na sasa aligundua kwamba si mkono peke yake aliokuwa akiuzuia. Kurasa za mwisho zilikuwa ngumu kweli. Alizikunjia uso, akazing'ang'ania, akachagua. Wa mwisho kabisa ulimhangaisha. Akatia alama kwa kubahatisha, akafunga kijitabu, akainua kichwa.

Penseli zote zilikuwa zimelala zamani. Wenzake wote walikuwa wamegeuza viti wakimtazama, na Bi Hindu miongoni mwao.

Kadii alibaki nyuma Moraa alipokuwa akikusanya karatasi, kwa sababu hakuwa na uso wa kutoka nje.

"Mwanangu," aliuliza polepole, "sasa Kenya itapanda?"

Moraa hakuelewa. Kadii akamweleza, na Nicholas akasaidia kwa aibu, akamwonyesha ile makala kwenye simu. Moraa akavuta kiti, akaketi.

"Mama, hiyo namba haikutoka kwenu hata kidogo. Sijui wameitoa wapi. Mara nyingi wanachukua watu wachache tu mahali fulani, pengine kitambo sana, halafu wanasema ni nchi yote. Na yenu ya mwaka jana haikutumika hata."

"Haikutumika?"

"Wakubwa wangu walisema mmenakili. Watu wote kufika ukurasa mmoja, hawakuamini. Mimi ndiye nilikaripiwa." Akacheka kidogo. "Lakini ile ya masomo ni kweli. Shule inafundisha mtu hesabu na kusoma, na pia inamfundisha mambo mengine hakuna mtu anayaita somo: kukaa peke yako na karatasi, kukimbia bila kuangalia jirani, kujibu swali la mtu ambaye tayari anajua jibu. Mtu akizoezwa hivyo tangu utotoni, hii kitabu inamwona mwerevu. Asipozoezwa, inamwona vingine."

Kadii alimshukuru, akatoka akijikokota. Kwa hiyo Kenya ilikuwa haimjui wala haikumhitaji. Amemwacha Bi Hindu bure. Aliona uchungu, na ulikuwa uchungu wa kweli.

Nje, kwenye baraza ya ukumbi, mstari wote ulikuwa umekaa ukimngoja. Bi Hindu alikuwa katikati, buibui limefunguliwa kiunoni, mikono juu ya magoti. Kadii akasimama chini ya ngazi na kandambili zake, asijue aende au akae.

"Bi Hindu," alianza, "mie…"

"Ulifika wapi?"

"Nifadhili, sikukusudia ku—"

"Nakuuliza ulifika wapi, Kadii."

"Mwisho."

"Mwisho wa kitabu?"

"Mwisho wa kitabu."

Bi Hindu akawageukia wenzake, huku na huku, kama mtu anayewataka wawe mashahidi. "Mwasikia? Wallahi, miaka yote hii nakaa na mtu simjui." Kisha akapapasa baraza kando yake. "Njoo hapa. Kaa. Haya, n'ambie, kule mbele kuna nini?"

Kadii akakaa pale alipoonyeshwa. Mwanzo machozi yalikuwa karibu. Aliwaeleza ukurasa mmoja, mwingine, mwingine, akiichora michoro hewani kwa kidole. Wanawake wakasogea. Waliuliza, wakabishana, mmoja akasema lile jibu haliwezi kuwa hilo, mwingine akamwambia anyamaze asikilize. Akafika kwenye ule wa mwisho.

"Huu ulinishinda. Kuna safu tatu za visanduku. Safu ya kwanza, kisanduku cha kwanza kina duara, na ndani yake msalaba. Cha pili kina msalaba peke yake. Cha tatu kina duara tupu. Safu ya pili, cha kwanza kina mraba, na ndani yake nyota. Cha pili nyota peke yake. Cha tatu mraba mtupu."

"Na ya tatu?" aliuliza Bi Hindu. Alikuwa amefumba macho.

"Ya tatu, cha kwanza kina mwezi na nukta. Cha pili nacho kina mwezi na nukta, vile vile, sawasawa. Cha tatu ndicho cha kujaza. Mimi nikachagua mwezi na nukta."

Wakati huo Moraa alikuwa ametoka mlangoni na boksi lake kifuani. Akasimama ghafla.

"Mama, jamani! Haya mambo si ya kufundishana. Mkiambiana hivi, tukija kupima tena haitakuwa na maana."

Kadii aligeuka akamtazama. Hakuwa na kiburi, aliuliza kwa kutaka kujua hasa.

"Sasa, mwanangu, kitu kisichofundishwa mtu akakijua, kinawekwa cha nini?"

Kabla Moraa hajajibu, Bi Hindu alifumbua macho.

"We Kadii, umekosa," alisema. "Si ni sahani hizo? Wa kwanza apakua, wa pili ala, wa tatu aona kilichosalia. Safu ya kwanza uliliwa msalaba, likabaki duara. Ya pili ikaliwa nyota. Sasa huyu wa safu ya tatu, maskini, ana njaa, amekula vyote. Kumebaki nini? Kumebaki sahani. Hapakuwa na kisanduku kitupu hapo chini?"

Kadii alishika kichwa. Kilikuwapo. Kisanduku kitupu kabisa, kwenye pembe, naye alikuwa amekipita kwa kuwa alidhani waliochapisha wamesahau kuchora.

Wote wakamgeukia Moraa. Moraa hakuruhusiwa kusema jibu. Aliinamisha kichwa nyuma ya boksi lake, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko, na hapo kila mtu akajua. Kadii akapiga ukelele mmoja, akamkumbatia Bi Hindu hadi mtandio ukamwanguka, akicheka kicheko chake kile kinachovuka madimbwi, na machozi yaliyokuwa karibu yakaja vilevile.

Bi Hindu alijitoa taratibu, akaurudisha mtandio kichwani, akakaa vizuri.

"Haya," alisema, "lete nyingine."